Kofia Iko kwa Papa Marc

Mwaka umetimia, Baba Gamaliel Kisimba, tangu Dominika ile ya Januari ulipovaa kiatu kimoja cha kwenda Misa na cha pili kikakushinda. Mama alikuwa jikoni. Alikuita mara mbili, hukuitika. Akaja akakukuta umeegemea kitanda, kiatu mkononi, mdomo umekwenda upande. Siku ya tatu ulituacha, hospitalini, bila kutuambia neno hata moja.

Leo sisi watoto wako tunataka kukupa habari za mke wako, mama yetu Élisa. Wanaosoma watusikilize tu, maana nusu ya mji wetu wa Kamina ilikujua, na wengi wao walikucheka kabla ya kukulilia.

Miaka thelathini na minne ulifanya kazi relini, pale njia zinapogawanyika, kazi yako kugeuza reli ili treni isiende kusiko kwake. Ulistaafu na kofia ya kazi, tumbo kubwa, na sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya soko. Kila uliyekutana naye ulimtupia salamu ya Kiluba, "Wakomapo!", na asiyeitika "Eyo vidye" ulimsimamisha mpaka aitike. Bukari, ugali wetu, ulikula madonge mawili, na la tatu la kuyasindikiza. Ukishiba ulipiga tumbo kwa kiganja: "Hii njo pensheni yangu!"

Kisha munganga wa hospitali akakupima. Sukari juu, tansio ya damu juu. Akakuambia donge moja tu, chumvi kidogo, mafuta kidogo, na kutembea kila siku. Kila siku, Papa, si siku unayopenda.

Jumatatu ulianza vizuri, Jumatano ukalala. Tuseme ukweli, wewe mwenyewe hukupenda kupambwa kwa maneno. Mara magoti, mara mvua, mara kuna matanga kwa jirani, mara utaanza mwezi ukianza. Déborah, binti yako wa kwanza, alikuletea raba kutoka Lubumbashi, ukazivaa na kukaa nazo mlangoni. Mama alivunjika mbavu kwa kicheko. "Papa Déborah, raba haziendake zenyewe!"

Ndipo ukaja na akili yako ya kofia. Jioni moja ulikwenda kwa rafiki yako Papa Marc Nday, anayekaa karibu na kivuko cha reli, nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Ukavua kofia ya kazi, ukaitundika mlangoni kwake, ukarudi kichwa wazi. Na kwa vile tangu ujana hukuwahi kutoka mchana bila kofia ile, alfajiri ilibidi ukaichukue. Jioni ukairudisha. Ikawa hivyo, asubuhi kuichukua, jioni kuirudisha. Mtu akikuuliza unaenda wapi na mvua yote hii, ulikuwa na jibu moja: "Kofia iko kule."

Vijana wa pikipiki walikuita Papa Kofia, wakakuambia panda tukupeleke bure, ukakataa. Miezi minane hukukosa hata siku moja. Hata ulipokuwa na homa ulikwenda polepole na fimbo, Mama nyuma yako akinung'unika. Ulituambia: "Minyi sina roho ya nguvu. Nikingoja roho ipende, sitatoka. Njo maana ninaacha kofia." Tumbo likashuka. Ukatoboa tundu jipya kwenye mshipi kwa msumari wa moto, kisha la pili, kisha la tatu, na kila mara ulituita wote tuje kuona. Tulikuja, tukapiga makofi.

Lakini kwetu mwanaume akikonda, anayeulizwa ni mke wake. "Mama Déborah, bwana yako iko naisha! Unamunyimaka bukari?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Mbombo, mke wa askari wa kambini, anayeuza samaki karibu na meza ya Mama sokoni. Hakuwa na ubaya, alisema alichokiona. Wabaya walisema nyuma, kwamba huo ni ule ugonjwa mkubwa na Mama anauficha. Parokiani, kwenye benchi la kina mama, walianza kuacha nafasi pembeni yake. Mama aliwaeleza maneno ya munganga mpaka sauti ikamkauka. Nani aamini kwamba kuna mtu anayekonda kwa kupenda?

Basi akashindwa. Alianza na kijiko cha mafuta ya mawese chini ya mboga ya sombe, mahali ambapo huoni. Kisha chumvi. Kisha donge moja likawa moja na nusu. Halafu, jioni moja ya Novemba, ulitoka kuoga, ukavaa raba ili uirudishe kofia, ukakuta ameitundika kwenye msumari wa ukumbini, naye amesimama mlangoni.

"Leo hauende," alisema. "Nimechoka na maneno ya bantu ku soko. Ikala kwanza hapa nyumbani. Nenepa kidogo tu, banyamaze."

Uliona machozi yake, ukavua raba. "Haya, muke wangu. Leo kofia italala nyumbani."

Kesho yake asubuhi hukuwa na kitu cha kufuata kule. Hapo ndipo kamba ilipokatika, na hakuna kati yetu aliyeona. Mvua ikaiba siku moja, Noeli ikaiba nyingine, na mshipi ukarudi kwenye tundu la zamani. Siku ya Noeli, nje ya kanisa, Mama Mbombo alimkumbatia Mama: "Eh, sasa bwana yako iko muzuri!" Mama alicheka mpaka jioni. Wiki tatu baadaye kiatu kikakushinda.

Tangu siku ile Mama anauliza swali moja. Amemuuliza munganga, padri, Papa Marc na sisi watoto wake: "Ni minyi nilimuua?" Munganga alimjibu kwamba ugonjwa ulikaa na wewe miaka mingi, na hakuna anayeweza kusema ni kipi kilichokuangusha. Padri alimshika mkono, akasali naye. Sisi tunamwambia hapana, Mama, hapana, si weye. Anaitika, anaosha vyombo, na kesho anauliza tena. Baba, tumeshindwa.

Tena kuna jambo ambalo tungependa kukuficha. Mwezi wa saba tulimpeleka apimwe, na tansio yake iko juu kuliko yako. Munganga ni yule yule, na maneno ni yale yale: donge moja, chumvi kidogo, kutembea kila siku. Hatembei. Raba alizonunuliwa na Déborah zilibaki chini ya kitanda ndani ya mfuko wa dukani. Tumembembeleza. Tumemkasirikia, Mungu atusamehe. Tumemshika mkono mpaka kwenye kona ya barabara, akageuka. "Minyi nitembee niishi," anasema, "na yeye njo nilimukataza kutembea?" Wewe ulikuwa na ujanja wa kofia. Sisi tunamwonea huruma tu, na huruma haimtoi nje.

Kofia yenyewe ilikaa mwaka mzima kwenye msumari ule. Kila Jumamosi Mama aliipangusa vumbi na kuirudisha, na hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa.

Wiki iliyopita Papa Marc alikuja. Hakuketi, hakunywa maji. Aliitoa kofia ukutani, akaiweka kwapani.

"Marc! Weka! Unapeleka wapi kofia ya bwana yangu?"

"Kwangu. Fasi yake ya kulala ni kule, unajua muzuri. Ukiitaka, njia unaijua."

Akaondoka. Mama alilia, akamtukana yeye na ukoo wake mpaka majirani wakatoka. Sisi pia tulichukia. Tangu lini mtu anamnyang'anya mjane? Déborah alipiga simu palepale, akamtaka airudishe. Yule mzee aliomba msamaha. Alisema alijaribu tu, naye hajui afanye nini, usingizi umemkimbia kwa ajili yenu wawili, na kesho atairudisha.

Mama akamnyang'anya Déborah simu.

"Marc, usiilete. Iache kule. Nitaifuata."

Siku ya kwanza alifika kwenye bomba la maji, akarudi analia. Siku ya pili hakutoka kitandani. Ya tatu alilipita bomba, akaenda mpaka kwa wauza makaa, miguu ikamwishia. Kabongo, mwanao, alimrudisha kwa pikipiki. Mpaka leo hajafika. Hatujui kama atafika, wala kama tansio itamngoja. Tunasimama mlangoni, tunautazama mgongo wake, basi.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi kwenye parokia yetu. Wanaokukumbuka ni mke wako Élisa; watoto wako Déborah, Kabongo na Éliane; dada yako Kasanda, aliyeko Malemba-Nkulu; wajukuu wako wote; na Marc Nday, rafiki yako. Mama Mbombo pia. Alikuja kuomba jina lake liandikwe, hakuweza kumtazama Mama usoni, na Mama akasema liandikwe.

Leo asubuhi, kabla hatujapeleka tangazo hili, Mama alifunga kitambaa kichwani, akainama akafunga kamba za raba. Mvua ilikuwa inanyesha. Jirani akamwita kutoka barazani: "Mama Déborah, unaenda wapi na mvua hii?"

Tulimsikia akijibu bila kugeuka.

"Kofia iko kule."

Siku zote tutakazopewa, Baba, ziwe nyingi au chache, tutakukumbuka.