Yaya, Mashini Ikikufa Sema Imekufa

Mpendwa Yaya Kahindo, dada yangu mukubwa,

Popote ulipo, kaa kwanza, kama una kiti. Mudogo wako Mungu amemupenda kupita kiasi. Niko Goma, nina duka ya kompyuta yenye vitrine ya kioo mbele na feni juu ya kichwa, na mulangoni wateja wanasukumana kama siku ya kugawa maharagwe. Hata Wazungu wa misaada wananiita "chef". Mimi! Mimi niliyemaliza primaire kwa huruma ya mwalimu, nikachungulia secondaire dirishani na kurudi nyumbani kula. Bahati ikianza kumufuata mutu, Yaya, hata akiingia chooni inamungoja inje.

Lakini feni ikizunguka, mimi nawaza kale kaduka ketu ka mabati kule Masisi-centre.

Unakumbuka namna kalizaliwa? Kalizaliwa na hasira. Tulishuka Goma kununua mashini yetu ya kwanza, ya kuandikia watu barua na kutoa picha. Tulifika na matope ya njia mpaka magotini. Mwenye duka alikuwa anakula sambusa, hakuinua hata uso. Nilipogusa kompyuta moja kwa kidole, akasema, "Weye wa matope, ukigusa umenunua."

"Papa, tumekuja kununua," ukamuambia.

"Watu wa Masisi mutanunua na nini? Na fromage?"

Duka yote ikacheka, na mimi nikacheka nao, maana mzaha ulikuwa mzuri: jibini ya ng'ombe zetu ni sifa ya Masisi. Wewe haukucheka. Ulinunua, tukapanda nayo, ikawaka siku chache, ikazima. Tukashuka nayo tena. Akaipeleka nyuma ya pazia, akarudi anapanguza mikono: "Hapa iliwaka vizuri. Imekufia kwenu, muende mukalilie kwenu." Fundi mwingine alipoifungua, kumbe kule nyuma ya pazia walikuwa wameitoa matumbo. Tulikuwa tumebeba boksi tupu.

Kwenye lori ya kurudi, juu ya magunia ya chumvi, ulikumbatia lile boksi tupu mpaka Sake. Halafu ukasema, "Kwetu hakutakuwa pazia."

Ulijifunza ufundi, tukafungua kaduka, na kweli, pazia halikuwako. Kila mutu aliyeleta mashini ulimupa kiti, hicho kimoja tulichokuwa nacho, mimi nikasimama. Ulifungua mashini mbele ya macho yake, na kila vis, kila skrubu ndogo, uliyoitoa ulimuwekea mukononi mwake mwenyewe, azishike mpaka utakapofunga. Mapadri, walimu, wauza ng'ombe, wote walikaa wamekunja ngumi kama watoto wanaoficha pipi. Komanda mumoja alitaka kuwasha sigara. Ukamuambia, "Papa, ukifungua ule mukono, mashini yako haitafungika tena." Akabaki na sigara mudomoni bila moto, bunduki magotini, anangoja ruhusa yako. Nilitoka inje kucheka.

Kazi yangu mimi ilikuwa mudomo. Kuita watu, kusifia, kuahidi.

Halafu akaja Mama Riziki kutoka Kalembe. Alikuwa amefunga kompyuta mugongoni na kitenge kama mutoto. Ilikuwa ya mume wake, mwenye kuongoza kwaya ya parokia. Risasi za vita zilimukuta shambani. Nyimbo zake na sauti yake vilikuwa ndani, na mashini ilikataa kuwaka. Mimi nikaruka: "Mama, usiogope kitu! Hii kesho itaimba yenyewe!" Uso wake ukaanza kufunguka.

Ulimuwekea vis mukononi, ukachungulia ndani, ukamuangalia. "Mama, usimusikilize huyu. Mashini imekufa. Haitarudi. Lakini sauti inakaa fasi ingine humu ndani. Hiyo nitaitafuta, na siahidi kitu."

Akalia palepale kwenye kiti chetu, na ngumi hakuifungua. Alipotoka nikakugombeza: "Yaya, unafukuza clients!"

"Mashini ikikufa, sema imekufa," ukanijibu. "Ukimudanganya leo, atatembea njia yote ile tena kwa ajili ya uongo wako. Njia ya vita, weye! Akifia njiani, njo utamuambia nini?"

Sauti ukaipata. Tulisikiliza sisi wawili, ule papa marehemu akikemea waimbaji wake: "Wamama, munaimba ao munafukuza nyani shambani?" Halafu akacheka mwenyewe, kicheko cha tumbo. Ulipanguza macho ukasema ni moshi wa groupe, ile jenereta yetu. Groupe ilikuwa imezimwa, Yaya. Ukaweka kila kitu kwenye clé, kale ka flash kama kidole, Mama aje kuichukua siku ya soko.

Soko hiyo haikufanyika. Asubuhi tukasikia bunduki juu ya kilima, na Masisi yote ikashuka njia ya Sake na magodoro kichwani. Wewe ukafunga ile clé kwenye kona ya kitenge chako, ukageukia njia ya Kalembe, peke yako, watu wakikugonga mabega. "Client hawezi kuja," ukasema, "njo duka itaenda." Ukaniachia tournevis yako ya kufungulia vis. Na mimi nikapiga kelele nyuma yako: "Haya, patron! Usisahau kumupa kiti!"

Ulicheka bila kugeuka. Njo neno la mwisho nililokupa. Maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyamwaga sokoni kwa watu nisiowajua, na kwako nikabakiza mzaha. Nayawaza mengine ambayo ningesema. Yananijia kila siku, yamechelewa.

Dereva mumoja wa pikipiki anasema alikuona Kalembe, unaimba na wamama wa kwaya. Mwingine anaapa kule hakubaki hata kuku. Mimi nimechagua kumuamini wa kwanza. Barua hii nimemupa yeye, isomwe kanisani kule Kalembe baada ya misa. Kama uko, utaisikia na masikio yako.

Na sasa nimerudia kuisoma kutoka juu. Najua kwa nini nimeianza vile: nilitaka usikie vitrine na feni, moyo ukuwashe, ufunge kitenge uje. Lakini katikati yetu kuna barrière ya kufunga njia, na vijana wenye bunduki, na ile njia. Nikaona ngumi ya Mama Riziki, imejaa vis.

Basi ukae salama, Yaya. Usalimie Mama Riziki na wamama wa kwaya. Ukija siku moja, uje kwa sababu njia imepoa na umenitamani, usije kwa sababu nyingine.

Duka ya Goma haiko. Niko Shasha kando ya ziwa, chini ya hema ya wakimbizi, nawekea wavuvi simu zao moto wa umeme na panneau ya jua iliyopasuka. Kiti niko nacho, kinakaliwa na wateja. Bahati haiko. Nilikudanganya.

Mudogo wako,
ule wa mudomo