Toa Mbili za Gunia

Leeds, Uingereza
12 Januari 1997

Baba mpendwa,

Nakusalimu, chamge. Mimi huku napumua, na theluji imefunika hata baiskeli za watu. Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mweusi alizaa? Msalimie jirani yetu Orina, umwambie bado sijaolewa na asiniulize tena.

Baba, nina jambo nimelizungusha tangu Krismasi. Nina kilo mia moja hamsini na moja. Sukari imepanda, na nikilala pumzi inakatika hadi najiamsha mwenyewe kwa kukoroma. Siku hizi nalala nimeketi. Kule kazini, kwenye nyumba ya wazee, kuna bibi wa miaka themanini na tisa anayepanda ngazi mbele yangu kisha ananingojea juu.

Daktari anataka kunipasua. Atalifunga tumbo la chakula libaki dogo, kama ngumi ya mtoto, na baada ya hapo nitakula vijiko vichache nishibe. Kati ya watu mia mbili, alisema, mmoja haamki. Alisema pia kwamba nikibaki nilivyo, hanihesabii miaka kumi. Nimepewa tarehe 22 Aprili.

Juzi niliota niko shambani kwetu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya majani chai, nami napita katikati ya mistari bila kugusa kichaka hata kimoja. Umande haukunilowesha. Niliamka nikalia, kwa sababu ilikuwa tamu mno.

Naogopa, Baba. Sitaki kulala kwenye kitanda kile bila neno lako. Niandikie.

Binti yako,
Chepkurui


Kiptere, Kericho
9 Februari 1997

Binti yangu Chepkurui,

Chamge mising. Barua yako ilifika salama. Goti limezoea kuniuma nami nimelizoea. Ng'ombe alizaa dume. Mvua ya mawe ilitupiga wiki jana, na majani yamebaki na matundu. Orina anasema hatakuuliza tena, kisha akaniambia nikuulize.

Sasa hilo jambo lako. Hapana, mama. Mtu mzima anayetembea na kufanya kazi apasuliwe ili akonde? Picha yako ya koti jekundu nimeitundika ukutani, na kila mgeni husema Uingereza inakutunza. Mama yako hakukubali kupigwa picha hata siku moja. Wewe ndiye umechukua mashavu yake na mikono yake. Nikiitazama picha nawaona wawili. Wakikupunguza, mama yako Rodah nitamtafuta wapi?

Na siku utakayorudi? Nitakuwa nimekuwekea mursik, maziwa ya kulaza kibuyuni, kama tunavyompokea mtu wa safari. Utameza kijiko kimoja useme umeshiba? Watu watasema umetudharau. Afadhali uje nikufunge kikapu mgongoni, uchune majani mwezi mzima toka asubuhi mpaka jioni. Hizo kilo zitaanguka bila kisu.

Nilikuwa karani wa kupima majani miaka ishirini na tatu. Usiniambie habari za mizani. Sipendi habari za mizani.

Baba yako,
Alexander


Leeds
3 Machi 1997

Baba,

Salamu. Natumaini majani yameanza kuchipua tena. Mimi si mzima sana, na leo sitazunguka.

Mama alichuna majani maisha yake yote, na kilo hazikuanguka. Unakumbuka alivyokuwa akichuna pembeni tu mwa shamba, kwa sababu mistari ilikuwa inambana? Nakumbuka pia alivyolala ameegemea ukuta, mito miwili mgongoni. Sasa mimi nalala hivyo hivyo.

Daktari ameniuliza mama yangu alikufa na nini. Nilikuwa na miaka kumi na nne, mkaniambia ni kifua. Sikuwahi kukuuliza tena kwa sababu kila nikilitaja jina lake ulitoka kwenda kuangalia ng'ombe. Baba, usitoke. Alikufa na nini? Na kwa nini hakuwa na dawa?

Kama sitapata jibu kabla ya katikati ya Aprili, nitawaambia wampe mwingine nafasi yangu.

Binti yako,
Chepkurui


Kiptere
6 Aprili 1997

Chepkurui, mtoto wangu,

Chamge. Barua yako nimetembea nayo mfukoni majuma mawili, na ng'ombe nimewaangalia mpaka wamechoka na mimi. Leo nimeketi.

Mama yako alikuwa na sukari na moyo. Mwaka wa sabini na sita nilimpeleka hospitali. Mizani yao iliishia kilo mia. Daktari akasema tulete uzito wake kamili ndipo ampimie dawa. Nikaona hilo ni jambo dogo, mizani si ninayo? Pale kituo cha kupimia majani tulikuwa na ile kubwa ya kuning'iniza, inayofika mia na hamsini. Nikamwambia Rodah aje jioni, wakulima wakishaenda.

Lori la kubeba majani lilichelewa siku hiyo, watu walikuwa bado wamepanga foleni. Alitaka kurudi nyumbani. Nikamwambia, "Njoo tu, mama Chepkurui, ni dakika moja." Tukamkalisha kwenye gunia tupu la majani, tukalitia ndoano. Mshale ukatulia. Na mimi, mtoto wangu, nilikuwa nimesoma namba mchana kutwa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikaita kwa sauti, kama nilivyomwitia kila mkulima uzito wake, kilo za gunia zikitolewa: "Mia moja thelathini na tatu, toa mbili za gunia!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ninaona haya kuandika hili: hata mimi nilicheka kidogo.

Yeye alishuka, akajifunga leso vizuri, akaenda nyumbani kwa njia ya mtoni ambayo hakuna watu. Hospitali hakurudi tena. Nilimbembeleza, nikamletea na pasta wa kanisa. Alisema ameshapimwa inatosha. Mwaka uliofuata tukamzika.

Kwa hiyo nilipokukataza sikuwa nakuwazia wewe. Nilikuwa nakimbia ndoano ile. Nenda, mama. Nenda ukapasuliwe. Mursik utakunywa kwa kijiko, na atakayesema neno nitamjibu mimi mwenyewe. Na kama unaweza, unisamehe kwa ajili ya mama yako, kwa sababu yeye sikumwomba.

Baba yako,
Alexander


Leeds
16 Aprili 1997

Baba,

Nakusalimu. Posta haijaniletea kitu tangu Februari. Leo nimepiga simu hospitali, wameondoa jina langu. Yule dada wa mapokezi aliniuliza kama nina hakika. Nikasema Baba yangu amenyamaza, na kwetu hilo nalo ni jibu. Akasema pole.

Usijali. Mto wa tatu nimenunua.

Chepkurui


Leeds
2 Mei 1997

Baba yangu,

Chamge, chamge sana! Barua yako ilifika siku tatu baada ya simu yangu. Muhuri wa Kericho unaonyesha ilikaa huko siku nane. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti langu, sikuingia ndani mpaka nikamaliza.

Nimekukasirikia siku nne, kwa haki. Ya tano nikamwona Mama kwenye usingizi, ameketi ndani ya gunia linalopanda polepole juu ya mashamba, juu ya ukungu, naye anachungulia chini akitafuta mtu. Hakuonekana na uchungu. Niliamka hasira imekwisha, sijui imekwenda wapi.

Nimekusamehe kwa upande wangu. Kwa upande wake, hilo ulitafute mwenyewe.

Nilirudi hospitali nikawaomba. Wamenipa tarehe 17 Juni. Nitaingia saa nane mchana, kwenu itakuwa saa kumi. Nikumbuke saa hiyo.

Binti yako,
Chepkurui


Kiptere
17 Juni 1997

Mtoto wangu,

Chamge. Nakuandikia jioni hii, na sijui kama uko hai. Ng'ombe wazima, goti silisikii.

Saa tisa na nusu niliondoka nyumbani nikaenda kituoni. Foleni ilikuwa ndefu, kama siku ile. Karani sasa ni Kipsang. Nikamwambia, "Nipime." Akadhani natania. Nikachukua gunia, nikaingia, nikakaa. Orina akasema, "Mzee, umeingiliwa na nini?" Nikamwambia ashike upande wa pili.

Ilipofika saa kumi, saa yako, nilikuwa nimening'inia. Nikamwambia Kipsang aite kwa sauti, asipoita sishuki. Akaita: "Hamsini na tisa, toa mbili za gunia!"

Walicheka, Chepkurui. Ukiwa juu pale kicheko kinatoka chini kote na huna pa kukanyaga. Miguu inatafuta ardhi. Miaka ishirini na moja sikujua hilo. Nikiwa bado juu nikawaeleza habari ya Rodah, yote, na wewe uko wapi saa ile. Wazee watatu waliokuwepo siku ile wakavua kofia.

Nilirudi kwa njia ya mtoni. Ukungu ulikuwa umeshuka, na nilimwomba Rodah msamaha kwa sauti, kama ninavyoongea na wewe. Nilihisi kuna mtu anatembea kwenye mistari kando yangu, na majani hayakutikisika.

Kibuyu nimekiosha. Kile kidogo. Amka, mama.

Baba yako,
Alexander


Leeds
24 Juni 1997

Baba,

Chamge. Mwandiko huu ni mbaya kwa sababu mkono bado una sindano. Niliamka. Tumbo linauma nikicheka, kwa hiyo usiniandikie habari za Orina.

Nimekula vijiko vitatu vya supu, nikashiba kama mtu aliyetoka harusini. Usiku wa jana nililala chali, na pumzi haikukatika.

Leo asubuhi wamenipima. Nesi alisoma mizani, akainama akaninong'oneza namba sikioni, ili wagonjwa wengine wasisikie. Ni msichana mwenye adabu. Nikamwambia, hapana, iseme kwa sauti. Akaona haya. Nikamshika mkono nikamwambia tena, iseme wote wasikie.

Akasema, "Mia moja arobaini na tatu."

Nikamwambia, toa mbili za gunia. Akaniuliza gunia gani, nami nilikuwa nalia, Baba.

Binti yenu, wewe na Mama,
Chepkurui