Mguu Unaotazama Ndani

Goreti mjukuu wangu,

Huku Ujiji hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo tu, usianze kuwaza. Wewe unakula lakini?

Unauliza kwa nini mguu wako wa kulia unatazama ndani, wenzako wa chuo wanakucheka. Huo ni wa mama yako. Tulipofika ufukweni Kibirizi tukikimbia kutoka Burundi, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Kushuka kwenye boti watu wakasukumana, mkono wake ukanitoka. Nikazunguka nalia, "Umwana wanje!" Mwanangu! Kiswahili nilikuwa sikijui hata kidogo.

Mara mama mmoja aliyeanika dagaa mchangani akaanza kufoka: "Kabata ka nani kamepita hapa? Kamekanyaga dagaa wangu wote!"

Katika maneno yote hayo, niliyokuja kuyaelewa baadaye, nilisikia bata tu, maana kwetu bata ni imbata, na mama yako tulimwita hivyo kwa jinsi alivyotembea. Nikamkimbilia, nikatazama chini. Nyayo ndogo zilipita katikati ya dagaa, za kulia zikitazama ndani, na kwa sababu hiyo njia yake yote ilikuwa inapinda kushoto. Watu walikuwa wakinivuta kulia, barabarani. Mimi nikashika kushoto kwenye mitumbwi, nikamkuta amekaa, dagaa mdomoni.

"Haya, mbebe bata wako," yule mama aliyekuwa amenifuata akasema, naye anafuta machozi.

Mguu ukikuuma, nenda hospitali, mwanangu, usinifiche. Kama ni kicheko tu, waache wacheke. Mimi niliuona ule unyayo uliopinda, nikajua mtoto wangu yu hai.

Bibi yako