Gemu ya Bibi Isiyoisha

Mshauri wangu, nisaidie kabla ya Ijumaa maana nimefika mwisho wa akili zangu. Nafundisha kompyuta sekondari, na ili wanafunzi waelewe kuandika programu nawaachia watengeneze gemu, kila mtu yake, na sheria yangu wanaiimba hata wakiwa chooni: maelekezo yanayojirudia bila kikomo ni kosa, gemu lazima ifike mahali mtu ashinde au ashindwe. Sasa kuna binti tunamwita Kimya, gemu yake ni jiko tu, dirishani mwanga wa jioni, pazia linapepea polepole, bibi anakoroga chai, ukiingia anasema, "Umekuja, mjukuu wangu? Hebu kaa," ukitoka ukarudi anasema vilevile, hakuna pointi wala adui, na bibi yake wa kweli alifariki mwaka jana. Nikamuuliza, "Hii inaisha vipi?" akanijibu, "Ukichoka toka tu, mwalimu. Yeye atakuwepo." Ijumaa majaji wanachagua wa kwenda kambi ya kompyuta, anaitamani mno, na gemu isiyo na mwisho wataikata, kwa hiyo nashika kipanya niongeze mistari miwili tu, bibi aage, mlango ufungwe, halafu nashindwa, nabaki mle jikoni mpaka mfagiaji wa darasa anapandisha viti juu ya meza, simu ya mama inaita naiacha, nasema nitampigia baadaye. Nifanyeje?

Mwalimu Njia Panda

Mwalimu, pole, lakini toa mkono kwenye kipanya. Unataka kumzika bibi wa mtu mara ya pili ili majaji wafurahi? Huko si kusahihisha, ni kuingia jikoni kwa watu bila hodi.

Kujirudia bila kikomo ni kosa pale mwanafunzi aliposahau kuweka kikomo. Huyu hakusahau. Kesho mkalishe akuonyeshe ni mstari upi unaomrudisha bibi, na kwa nini kauacha hivyo. Akikueleza vizuri, mfanyie mazoezi awaeleze majaji kwa kinywa chake, Kimya au si Kimya. Wakimkata, watakuwa wameikata gemu yake, si yako.

Kukaa mle sikulaumu. Hata mimi nilipokusoma nilisikia kijiko kikigonga kikombe, nikatamani kuvuta kiti. Ila chai ile hainyweki, ndugu yangu. Ukimaliza kusoma hapa zima kompyuta, mpigie mama. Bibi wa Kimya utamkuta hata ukirudi mwakani. Mama yako hakuandikwa hivyo.