Mwenye Ufunguo wa Mnara

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka Louisville. Bibi yako hajambo, goti limetulia. Baba yako kule Columbus amebadilishiwa zamu ghalani, sasa anafanya asubuhi.

Uliniuliza kwenye simu: "Babu, hapa chuoni Amherst wakitaka kujua natoka wapi, niseme nini?" Ndiyo maana nakuandikia.

Nilipokuwa kijana Burundi, kwaya yetu ilialikwa Ujerumani, kwenye mji mdogo wa zamani wenye ukuta wa mawe na nyumba za mbao zilizoinama. Mzee mmoja aliyejua Kifaransa alitutembeza. Ufunguo wa mnara wa mji aliutunza yeye. Tulipofika juu, tukaona mto na mashamba ya zabibu, nikamwambia, "Bila shaka mji huu ulijengwa na babu zako."

Akacheka. "Hapana. Mama alinileta hapa baada ya vita, nina miaka saba. Tulikuwa wakimbizi. Watu walitufungia milango."

"Sasa mji ulikuwa wako lini?"

"Siku mgeni aliponiuliza njia, nikajikuta namwelekeza."

Wakati ule sikumwelewa. Sikujua kwamba nami ningekimbia. Baada ya kambi ya wakimbizi Tanzania tulifika hapa Marekani, na kwa miaka mingi nilijiona mpita njia. Kisha asubuhi moja mama mmoja, mgeni kabisa, aliniuliza basi la kwenda kliniki. Nilimweleza mpaka kituo cha kushukia. Alipopanda, nilibaki nimesimama pale kituoni, nikautazama mtaa wetu, nikajiona mwenyeji.

Kwa hiyo usilikimbilie jibu, mama. Mimi lilinikuta uzeeni.

Babu yako,
Yosefu