Kidole cha Profesa

Wewe, acha unachofanya usome. Bado nasikia kinyaa.

Si unaijua ile jeli yetu ya vidonda? Inatulia tu juu ya kidonda, mpaka seli zinazotaka kupona ziiguse, ndipo inapoyeyuka na kuachia dawa ya kuotesha nyama. Leo Profesa kaleta wageni wodini waone tukiipaka kwenye mguu wa bibi mmoja mwenye kisukari.

Mgeni akauliza kama ni salama. Profesa akavua glavu, akachovya kidole kwenye jeli, AKAKILAMBA! "Salama kuliko uji wa mtoto!" Wageni wakacheka.

Sasa sikia. Kidole kilekile, kimelowa mate, akakichovya tena, akakipeleka kidondani. Kidole cha mate! Kwenye nyama iliyo wazi! Ptuu!

Nikamdaka mkono. Mimi, daktari mwanafunzi wake, ambaye shahada yangu iko mikononi mwake. Nikamwambia, "Profesa, hicho kidole kimetoka mdomoni."

Akanitolea macho. "Toka nje! Na kwenye utafiti wangu usirudi."

Nimeshageuka, machozi yananilenga, bibi akanishika koti. Akamwambia, "Mjukuu wangu huyu haendi popote. Mguu ni wangu mimi. Toka wewe, na mate yako!"

Hakuna aliyecheka. Wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja, naye Profesa akawafuata, kidole bado kakinyoosha hewani.

Shahada sijui. Ila jeli ile nimeitupa yote, na bibi nimemwosha mguu mwenyewe.