Ruhusa ya Mazishi

Kambini, 3 Februari

Dada Lensa,

Hujambo? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Huku Ghuba, Uarabuni, joto lishaanza. Shangazi kaniambia umemhamishia Baba kwako na hatoki kitandani tena. Meneja wa klabu anasema siondoki hadi msimu wa mbio uishe. Wewe ndiye wakili wa familia. Usome mkataba niliosaini, unitoe. Ukishindwa, Baba aliuza ng'ombe bure kukusomesha.

Mdogo wako,
Hawi

Addis Ababa, 10 Februari

Mpenzi Hawi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na Baba leo amekunywa uji wa shayiri. Mkataba nimeusoma hadi naota vifungu. Ukiondoka bila ruhusa, unafungiwa kukimbia miaka minne. Ruhusa ya kusafiri inatolewa kwa sababu moja tu, mazishi ya mzazi. Ugonjwa hawakuutaja. Nimewaandikia kuwaomba ubinadamu, wakanijibu nirudi kwenye kifungu.

Dada yako,
Lensa

Kambini, 15 Februari

Dada,

Natumai mmeamka salama. Basi waandikie kwamba amekufa. Barua yenye mhuri wako itatosha, hawatakuja Addis kuchungulia kaburi. Baba mwenyewe angecheka: "Nizikeni upesi, mtoto aje tunywe kahawa." Nataka kumwona akiwa bado ananijua.

Mdogo wako,
Hawi

Addis Ababa, 21 Februari

Hawi,

Unaendeleaje? Baba anakuulizia. Niliiandika barua hiyo. Nikaweka jina lake, ilipofika tarehe mkono ukagoma. Wakigundua, wewe utafungiwa na mimi nitanyang'anywa leseni. Lakini si leseni, mdogo wangu. Nilikuwa namsikia akikohoa chumba cha pili. Nimepeleka malalamiko kwa shirikisho la riadha. Nivumilie.

Dada yako,
Lensa

Addis Ababa, 8 Machi

Hawi,

Leo sikuulizi hali. Baba ametutoka asubuhi hii. Jana alitaka tumgeuze atazame mlangoni. Klabu nimewatumia barua kwa mtandao, ya kweli sasa, na ruhusa imetoka kabla sijanawa uso. Tiketi anayo meneja. Njoo, hatuziki bila wewe.

Dada yako,
Lensa

Kambini, 8 Machi

Wakili Lensa Gemechu,

Poleni na msiba. Barua yako nimeonyeshwa. Imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja. Mzikeni, wazee wenzake wasije wakachoka kusubiri. Mimi niliomba kumwona Baba, na tiketi hii ni ya kwenda kuona udongo. Nimemrudishia meneja.

Hawi